Maji ya kunywa ya shule yawe na mwenyewe

Maji yakikatika shuleni, swali la kwanza huwa ni lile lile: tuna ndoo ngapi? Mwalimu mkuu anauliza, mwalimu wa zamu anahesabu, wanafunzi wakubwa wanatumwa na madumu, na haupiti muda kila chombo kimejaa maji kutoka popote yalikopatikana. Vyoo vinapona, jiko linapona, siku inakwisha, na sote tunashukuru kwamba shule haikufungwa. Swali la pili, watoto wamekunywa nini, mara nyingi halina wa kuliuliza. Maji ya usafi yana mtu wake, maji ya jikoni yana mtu wake. Ya kunywa ni ya wote, na kwa hiyo hayana mwenyewe.

Nimekuwa mwalimu wa afya kwa muda wa kutosha kuona jambo hili likijirudia, na ndilo linalonifanya niandike. Naamini shule yoyote, yenye fedha au isiyo nazo, inaweza kulinda maji ya kunywa wakati wa mgao ikifanya mambo mawili kabla mgao haujaanza: iyatenge na maji mengine, halafu iyakabidhi kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye ufunguo wa tangi, mwenye kipimo cha dawa ya maji mfukoni, na mwenye mamlaka ya kusema "haya hayanywewi" bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mengine yote nitakayoeleza yanategemea hayo mawili.

Watu wengi huogopa siku bomba linapokauka. Mimi naogopa zaidi siku maji yanaporudi.

Bomba lililojaa maji yenye msukumo hujilinda lenyewe. Penye ufa maji hutoka nje, na hakuna kinachoweza kuingia. Msukumo ukiisha mambo hugeuka. Maji yaliyobaki hujimwaga kuelekea mabondeni, na yanapokwenda huvuta hewa nyuma yake. Pamoja na hewa huvuta chochote kilichouzunguka ule ufa: tope, maji ya mtaro, na kama bomba la majitaka limepita jirani, hayo pia. Mpira uliosahaulika ndani ya ndoo ya kudekia nao ni mlango, kwa sababu maji machafu ya ndoo ile yanaweza kunyonywa kupitia mpira hadi ndani ya bomba. Juu ya hayo, kuta za ndani za mabomba, hata yale ya miji yenye mitambo mizuri, zina utando mwembamba wa vijidudu na kutu. Maji yakirudi kwa kishindo huubandua na kuubeba mpaka kwenye koki.

Ukisimama karibu na koki wakati huo utaona mwenyewe. Kwanza inapuliza hewa. Kisha inakohoa, inatema maji ya rangi ya kutu yenye vipande vyeusi, inanyamaza, inatema tena. Baadaye kidogo maji yanaanza kung'aa, na hapo ndipo watoto wanapokimbilia na vikombe vyao, maana wamekaa na kiu na maji sasa ni meupe. Lakini kung'aa hakusemi lolote kuhusu vijidudu. Yule aliyekunywa Jumatatu anaweza kuanza kuharisha Alhamisi. Kipindupindu huweza kujitokeza ndani ya saa chache au baada ya siku tano, na homa ya matumbo kwa kawaida huchukua wiki moja hadi tatu. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka koki ile ilikohoa siku gani.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ninayoishikilia ni ya valvu. Maji yakikatika tu, valvu inayoingiza maji kwenye tangi inafungwa, na inabaki imefungwa. Sababu yake ni rahisi. Tangi linapopungua, floti hushuka na mlango wa maji hubaki wazi. Maji yakirudi usiku wa manane, wakati shuleni hakuna mtu zaidi ya mlinzi, ile kutu na lile tope la kwanza vyote vinaingia tangini. Asubuhi unakuta tangi limejaa, kila mtu anafurahi, na hakuna anayejua kilichomo. Ukiwa umefunga, asubuhi unafungua kwanza koki ya nje iliyo karibu zaidi na mita, unayaacha maji yatoke mpaka yatulie na yawe safi, unapima, ndipo unafungua njia ya tangi. Yale ya mwanzo hayamwagwi bure. Yanakingwa kwenye ndoo za vyoo. Nasisitiza hili kwa sababu mtu aliyekaa bila maji huumia kuyaona yakimwagika, na maumivu hayo ndiyo yanayomfanya ayakimbize tangini mapema.

Sasa hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonishawishi kwamba jambo hili linawezekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi shuleni unataja lita 5 kwa siku kwa kila mwanafunzi na mfanyakazi katika shule ya kutwa, na lita 20 kwa bweni. Vyoo vya kumwagia maji vinahitaji nyongeza juu ya hapo. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 600 inahitaji basi lita 3,000 kila siku kabla hujagusa vyoo. Hakuna mwalimu anayeweza kutibu na kulinda maji yote hayo kwa mikono yake wakati wa dharura. Lakini mtoto anakunywa kiasi gani awapo shuleni? Tukadirie lita moja na nusu, tena siku ya joto. Hizo ni lita 900. Zinaingia kwenye simtanki moja la lita 1,000, na nafasi inabaki. Mtu mmoja anaweza kuzitibu, kuzipima na kuzigawa asubuhi moja kabla ya kengele ya mapumziko.

Ndiyo maana nasema tangi la maji ya kunywa liwe peke yake. Likae sehemu iliyoinuka, penye kivuli, bomba lake lisiungane na la vyoo wala la bustani, na kifuniko chake kiwe na kufuli. Tundu la kupumulia liwe na wavu wa kuzuia wadudu na ndege. Bomba la kutolea maji liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili tope lililotulia chini lisichotwe, na pale chini kabisa kuwe na koki nyingine ya kumwagia tope hilo. Koki za maji ya kunywa zipakwe rangi moja, na nyingine zote rangi nyingine, kwa sababu watoto wa madarasa ya chini hawajajua kusoma kibao lakini rangi wanaijua.

Tangi nalo lina uchafu wake. Lifungue lile ambalo halijaoshwa kwa mwaka mzima, pitisha kiganja ukutani kwa ndani, utakutana na utelezi. Utelezi huo hula klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, kabla haijawafikia vijidudu vilivyo ndani ya maji, kwa hiyo unaweza kutibu maji vizuri kabisa na bado yakakosa kinga. Liondolewe maji, lisuguliwe kwa brashi na sabuni, lisuuzwe, lijazwe, kisha liwekewe dawa kali: lita 1 ya klorini ya maji ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000, ambayo ni miligramu 50 kwa lita. Yalale humo saa 24, yamwagwe mahali yasipodhuru mimea wala samaki, tangi lisuuzwe tena. Kazi hii ifanywe wakati wa likizo, maji yakiwepo. Anayeingia ndani ya tangi asiwe peke yake, na asiingie akiwa na dawa kali humo, kwa sababu hewa yake huumiza mapafu.

Dawa ya kila siku ni kidogo mno ukilinganisha na hiyo. Kwa maji safi kwa macho, miligramu 2 za klorini kwa lita huwa ni mwanzo mzuri. Kwenye tangi la lita 1,000 hiyo ni gramu 2 za klorini, yaani mililita 40 za klorini ya maji ya asilimia 5, au karibu gramu 3 za ile ya unga yenye nguvu ya asilimia 65. Ya unga ikorogwe kwanza kwenye ndoo ya maji, iachwe itulie, yatumike yale maji ya juu na ile chokaa ya chini iachwe. Siku zote unga unatiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Ya maji iwe tupu, isiyo na manukato wala sabuni ndani yake, na isiwe imekaa stoo muda mrefu, maana hupoteza nguvu hata kopo likiwa limefungwa. Na isikutane kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na stoo nyingi za shule huviweka vitu hivi viwili kwenye rafu moja.

Ukishatia dawa, koroga na subiri dakika 30. Kisha pima.

Hapo kwenye kupima ndipo ninapopoteza wenzangu wengi, kwa sababu inaonekana kama kazi ya maabara. Si hivyo. Kipimo ni kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Unajaza kichupa maji, unatia kidonge cha DPD namba 1, kinachoonyesha klorini kwa rangi, unatikisa, na maji yanageuka rangi ya waridi. Unalinganisha waridi hiyo na rangi zilizochapwa pembeni. Baada ya dakika 30 unatafuta klorini isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita, na kwenye koki ya mwisho, pale mtoto anapokinga kikombe, isishuke chini ya 0.2. Ikiwa chini, ongeza dawa kidogo, subiri tena, pima tena. Jambo moja ambalo mwongozo wa karatasini haukuelezi kwa mkazo wa kutosha: klorini ikizidi sana, inaweza kuichoma rangi yenyewe na maji yakabaki meupe, ukadhani hamna kitu, ukaongeza nyingine. Ukiona waridi imetokea ghafla kisha ikapotea, chukua maji yale, yachanganye na mengine yasiyo na klorini, upime upya.

Maji yenye tope hayatibiki hivihivi. Tope hula klorini na kuwaficha vijidudu ndani yake. Yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, au yatiwe shabu ili tope lizame, ndipo dawa iongezwe, na mara nyingi kipimo cha dawa kitalazimika kuwa mara mbili. Kuna pia vimelea ambavyo klorini ya kiwango hiki haiviwezi. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee nchini Marekani ulipata mlipuko wa kimelea kiitwacho Cryptosporidium kupitia maji ya bomba yaliyokuwa yametiwa klorini. Watu wanaokadiriwa kufika 403,000 waliugua, kwa sababu uchujaji kwenye mtambo mmoja ulishindwa kazi. Kwa hiyo shule inayochota mtoni, bwawani au kwenye kisima kilicho wazi isitegemee dawa peke yake. Ichuje vizuri, na ikiweza ichemshe.

Kuchemsha kunaua vyote hivyo. Maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika 1 yanatosha, na kwenye nyanda za juu zaidi ya mita 2,000 hivi yaachwe dakika 3. Ugumu wa kuchemsha shuleni ni kuni au gesi, na ukubwa wa sufuria, na zaidi ya yote ni baada ya kuchemsha. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote iliyobaki ndani yake. Kata moja chafu ikizamishwa, kazi yote ya asubuhi imekwisha. Kuna shule nimeziona zikichemsha kwa bidii kubwa kisha zikamimina kwenye pipa lisilo na kifuniko. Kuhusu chupa za plastiki zinazoachwa juani kwa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, ni njia ya kweli na inafaa familia, lakini kwa mamia ya watoto sijaona inavyoweza kusimamiwa.

Halafu kuna yale ambayo moto na klorini haviyagusi. Mnamo Aprili 2014 mji wa Flint, Marekani, ulibadilisha chanzo cha maji na kuanza kutumia maji ya mto bila kuyawekea dawa ya kuzuia kutu. Maji yale yaliyala mabomba, na risasi, ile metali yenye sumu, ikaingia kwenye maji ya kunywa. Chanzo cha awali kilirudishwa mwaka uliofuata, lakini koki za kunywea za shule ziliendelea kufungwa na watoto wakanywa maji ya chupa kwa miaka. Kuchemsha maji yenye risasi hakuyasafishi. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi inayobaki inakuwa nzito zaidi. Ndivyo ilivyo kwa floridi, aseniki na naitreti za visima virefu. Shule inayofikiri "bomba likikatika tutatumia kisima kile" inatakiwa kukipeleka kisima kile maabara wakati bomba bado linatiririka. Hata mabomba ya shule yenyewe yanahusika: maji yaliyolala muda mrefu kwenye koki za shaba na viungo vya zamani huweza kuokota risasi, kwa hiyo baada ya likizo au ukavu wa siku nyingi kila koki ya kunywea ifunguliwe kwanza maji yapite.

Nizungumzie boza, kwa kuwa ndilo mkombozi wa wengi. Gari linafika shule ikiwa kavu, dereva ana haraka, mpira umeburutwa chini kutoka getini hadi kwenye tangi, na kila mtu anatamani asikie sauti ya maji yakiingia. Ni wakati mgumu wa kuuliza maswali, lakini lazima yaulizwe: umechota wapi, gari lilibeba nini safari iliyopita, na maji yana klorini kiasi gani? Jibu la swali la mwisho usilipokee kwa mdomo. Kinga maji kutoka kwenye koki ya gari lenyewe, yale ya mwanzo yaende, kisha pima. Mdomo wa mpira uoshwe kabla haujaingia tangini.

Siku moja nilipima boza namna hiyo, na kichupa kikabaki cheupe kabisa, kidonge kimeyeyuka na rangi haikuonekana hata kidogo. Dereva alikasirika, na wenzangu wawili walinitazama kana kwamba nimeamua kuwaadhibu watoto. Lakini kwa kuwa tulikuwa na matangi mawili, hatukulazimika kulifukuza gari. Maji yale yaliingia tangi la vyoo na usafi, na hitaji letu kubwa likawa limetimia. Yale machache ya kunywa tuliyatibu pembeni. Nadhani hiyo ndiyo faida ya kutenganisha ambayo watu hawaioni mpaka wapatwe. Shule yenye tangi moja inapofika hapo ina machaguo mawili tu, kukataa maji yote au kuyanywa, na mimi najua itachagua lipi.

Tangi likiwa salama bado kuna safari ya mwisho, kutoka tangini hadi mdomoni, na ni safari fupi inayoharibu mengi. Ndoo ya darasani iwe na kifuniko kinachobana na koki chini. Asiwepo mtu wa kuzamisha kikombe wala kata, hata mwalimu. Kila mtoto awe na kikombe chake au chupa yake, na asiye nacho apewe cha shule kinachooshwa kabla hakijashikwa na mwingine. Maji yaliyobaki jioni hayaongezewi mapya asubuhi. Yanamwagwa kwenye ndoo ya kunawia, ndoo inaoshwa, inajazwa upya. Kunawa mikono hakupumzishwi kwa sababu ya mgao. Watu hukata maji ya kunawa kwanza kabisa ili kubana matumizi, na naona ni uamuzi mbaya kuliko yote yanayofanywa wakati wa shida ya maji. Chombo chenye tundu dogo na sabuni pembeni kinawisha watoto wengi kwa lita chache, lakini kikiondolewa, mikono ile ile inayotoka chooni ndiyo itakayofungua koki ya ndoo.

Lipo jambo jingine linaloniumiza, na halionekani kwenye kipimo chochote. Watoto huacha kunywa. Choo kikiwa hakina maji na kinanuka, mtoto hujizuia asinywe ili asiende, na wasichana ndio wanaojizuia zaidi. Unamwona saa sita mchana amelaza kichwa juu ya dawati, anasema kinamuuma, na midomo imekauka. Mwalimu anayemkatalia ruhusa ya kwenda kunywa "mpaka mapumziko" anamzidishia. Wakati wa mgao mimi hupendekeza unywaji uwe wa ratiba: kila kipindi kikiisha, ndoo inapita, kila mtu anakunywa mbele ya mwalimu. Na choo angalau kimoja cha wasichana na kimoja cha wavulana vihakikishiwe maji siku nzima, hata kama vingine vimefungwa. Ulinzi wa maji ya kunywa hauna maana kama watoto wanaogopa kuyanywa.

Juu ya haya yote kuna daftari, na hapa nitasimulia kisa cha Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario nchini Kanada. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa ilisomba mbolea ya ng'ombe hadi kwenye kisima kimoja cha maji ya mji. Watu 7 walifariki na takriban 2,300 waliugua, kwa bakteria aina ya E. coli O157:H7 na mwenzake Campylobacter. Klorini ilikuwepo, mitambo ilikuwepo, daftari la vipimo lilikuwepo. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Dennis O'Connor ulionyesha kwamba waendeshaji walikuwa na mazoea ya kuandika vipimo vya klorini ambavyo hawakuwa wamevipima. Nambari zilijaa ukurasa, na hakuna aliyekuwa ametazama maji. Daftari la maji la shule linaweza kuugua ugonjwa huo huo kirahisi sana, hasa likiwa ni la kumridhisha mkaguzi. Dawa yake ni watu wawili: mmoja anapima, mwingine anaona rangi kwa macho yake na kutia saini. Kiranja wa afya anaweza kabisa kuwa huyo wa pili. Watoto wa miaka kumi na miwili huona waridi vizuri kuliko sisi, na hawaoni sababu ya kudanganya.

Kisa hicho kina somo la pili kwa walimu. Miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa za ule mlipuko ilikuwa ni watoto kukosa shule na wengine kufikishwa hospitali wakiharisha damu. Maana yake ni kwamba daftari la mahudhurio nalo ni kipimo cha maji. Watoto kadhaa wa darasa moja wakikosekana siku moja, na sababu zinazoletwa ni tumbo, mwalimu wa darasa asisubiri mwisho wa wiki. Amwambie mwenye tangi siku hiyo hiyo, maji ya kunywa yasimamishwe, kituo cha afya kijulishwe, na sampuli ichukuliwe kabla tangi halijaoshwa. Wengi hukimbilia kuosha kwanza, na ushahidi wote unakwenda na maji.

Mwisho kuna uamuzi ambao hakuna mwalimu mkuu anayeupenda, wa kuwarudisha watoto nyumbani. Mwaka 2022, Agosti ikielekea ukingoni, mtambo mkuu wa maji wa Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi nchini Marekani, ulishindwa kazi na msukumo ukaisha katika sehemu kubwa ya mji wenye wakazi wapatao 150,000. Wakazi walikuwa tayari wameambiwa wachemshe maji tangu mwisho wa Julai. Shule za umma zilihamisha masomo mtandaoni, kwa sababu mabomba hayakuwa na nguvu ya kusukuma hata maji ya vyoo. Pale palikuwa na mtandao wa kukimbilia. Pasipo na mtandao, kufunga ni kupoteza masomo kabisa, na ndiyo sababu uamuzi huahirishwa mpaka jioni na watoto wakawa wameshinda siku nzima bila maji salama.

Mimi napendelea mpaka uandikwe mapema, na kamati ya shule iukubali wakati hakuna shida, ili siku yenyewe pasiwe na mabishano. Wa kwetu unasema hivi: ikifika saa nne asubuhi na maji ya kunywa yaliyopimwa hayafiki nusu lita kwa kila mtoto aliyepo, au hakuna choo hata kimoja chenye maji kwa kila jinsia, wadogo wanarudishwa kwanza, na wazazi wanapata ujumbe kabla watoto hawajatoka getini. Ujumbe unataja sababu waziwazi na unaomba kila mtoto aje kesho na chupa ya maji yaliyochemshwa. Kufungua tena nako kuna masharti yake: maji yawe yamepitishwa kwenye kila koki, tangi limepimwa mara mbili, jioni na asubuhi inayofuata, na saini zote mbili zimo daftarini. Asubuhi hiyo mwenye ufunguo anafika kabla ya mwalimu wa zamu.